Malpighi na mbwa asiye na wengu

Marcello Malpighi alizaliwa 1628 kule Crevalcore, karibu na Bologna, Italia. Munganga huyu ndiye aliona kwa mikroskopi, mwaka 1661, mishipa midogo sana ya damu ndani ya mapafu ya chura. Mengine ya maisha yake tunayaruka. Sisi wa sindika ya migodi tunamutafuta kwa jambo moja: wengu, ile wengine wanaita bandama.

Zamani zile waganga walifundisha kwamba wengu kazi yake ni kukusanya nyongo nyeusi, basi. Malpighi akachukua mbwa, akafungua tumbo, akafunga kwa uzi mishipa inayopeleka damu kwa wengu, kisha akashona. Mbwa akapona, akawa anakula sana. Alipomupasua baadaye, wengu ilikuwa imesinyaa. Kitabu chake cha 1666 kikaeleza pia vile vidonge vidogo vyeupe vya ndani ya wengu, vinavyobeba jina lake mpaka leo.

Lakini mbwa kula vizuri si kusema yuko salama. Ya damu walikuja kuyaona wengine. Howell wa Marekani na Jolly wa Ufaransa walieleza alama ndogo inayobaki ndani ya chembe nyekundu. Wengu ndiyo inaitoa, ikiondolewa alama inabaki. Chembe za kugandisha damu nazo zinapanda. Na 1928 Kikuth, Mjerumani, akakuta kwa mbwa aliyetolewa wengu vijidudu vimenata kwenye chembe za damu. Vilikuwa vimejificha, mlinzi kutoka tu, vikaamka. Babesia, ile ya kupe, inafanya vile vile.

Kwetu mfanyakazi anapigwa na jiwe tumboni, wengu inapasuka, wanaitoa. Kidonda kinapona, anapewa karatasi ya apte, anarudi chini. Nani alimwambia juu ya chanjo ya pneumokoki? Nani alimwambia kwamba homa kwake ni jambo ya saa, si ya siku, na malaria iko hapa mlangoni? Karatasi hizo tumezishika mkononi: juu ya wengu, hata neno moja hakuna.

Malpighi naye wakubwa wa Bologna walimupinga, eti kuchungulia vitu vidogo hivi hakuponyeshi mgonjwa. 1684 nyumba yake iliungua, mikroskopi na maandishi yakaenda. Akaendelea na kazi. 1691 Papa Innocent XII akamwita Roma awe munganga wake, na ndiko alikofia, 1694.