Frank Shuman na Mtambo wa Jua

Je, umewahi kugusa bati la paa wakati wa adhuhuri? Kama umewahi, basi unajua kwamba jua huleta duniani joto jingi sana, wala halimdai mtu hata senti moja. Sasa utasoma habari za mtu aliyetaka joto hilo liendeshe mashine.

Mtu huyo ni Frank Shuman. Alizaliwa mwaka 1862 huko Brooklyn, nchini Marekani. Kwanza alijulikana kwa kuvumbua kioo chenye wavu wa waya ndani yake. Kioo hicho kikivunjika, vipande vyake hushikwa na waya, visimdhuru mtu.

Mwaka 1907, huko Tacony katika mji wa Philadelphia, Shuman alitengeneza masanduku bapa yenye mabomba meusi, akayafunika kwa vioo. Kwa nini meusi? Kumbuka kwamba kitu cheusi hupokea joto upesi kuliko cheupe. Kioo nacho huruhusu mwanga kuingia, lakini huzuia joto lisitoroke. Ndani ya mabomba alitia etha, kimiminiko kinachochemka kwenye nyuzi 35 hivi tu za sentigredi. Mvuke wa etha ukaendesha injini ndogo. Baadaye alifaulu kutumia maji.

Shuman aliazimia kujenga mtambo mkubwa, akaichagua nchi ya Misri. Huko makaa ya mawe yaliletwa kwa meli kutoka mbali, nayo yalikuwa ghali mno, ilhali jua huwaka karibu mwaka mzima. Mahali penyewe ni Maadi, kando ya mto Nile, kusini ya Cairo. Hapo yalijengwa mabakuli matano marefu ya vioo, kila moja likiwa na urefu wa meta 62 hivi na upana wa meta 4. Fikiri juu ya bomba kubwa lililopasuliwa katikati kwa urefu wake, nawe utaelewa umbo lake. Vioo vilikusanya miali ya jua juu ya bomba la maji lililopita katikati, na mabakuli yaligeuka polepole kulifuata jua kutoka mashariki hadi magharibi.

Kazi haikwenda vizuri mara moja. Mabomba ya kwanza yalikuwa ya zinki. Joto lilipozidi, yalilegea na kuning'inia kama kitambaa kilicholowa! Ikabidi yaondolewe, yakawekwa ya chuma, na muda ukapotea. Hatimaye, mwezi wa Julai 1913, wageni walialikwa kuutazama mtambo. Mvuke uliendesha pampu iliyovuta zaidi ya lita 20,000 za maji ya Nile kila dakika kwa ajili ya mashamba ya pamba. Hayo ni zaidi ya madebe elfu moja kwa dakika, wala hapakuchomwa hata kijiti.

Shuman akapiga hesabu kubwa zaidi. Aliona kwamba vioo vilivyoenea kilometa za mraba 52,000 hivi katika jangwa la Sahara vingeweza kutoa nguvu sawa na makaa na mafuta yote yaliyochomwa duniani kwa wakati ule. Tazama ramani: eneo hilo ni dogo kuliko Ziwa Viktoria. Leo mahitaji ya dunia ni makubwa mara nyingi zaidi.

Mwaka 1914 Vita Kuu ilianza. Wahandisi wa Maadi walirudi makwao, na mtambo ukabomolewa. Shuman alifariki mwaka 1918, akiwa na umri wa miaka 56, na baada ya vita watu wakayakimbilia mafuta ya petroli.

Lakini mtambo wa Maadi ulihitaji jua, na kila siku jua hutua. Mwaka 1968 mhandisi mwingine wa Marekani, Peter Glaser, alishauri mitambo ya jua iwekwe angani, mbali juu ya mawingu, ambako karibu hakuna usiku, na nguvu zake ziletwe duniani kwa mawimbi yaliyo jamii moja na yale ya redio. Mwaka 2023 chombo kidogo kilichokuwa angani kilituma mawimbi ya namna hiyo, nayo yakapokelewa huko California. Nguvu zilizofika zilikuwa kidogo mno.