MAISHA YA AL-JAHIDH: MWANACHUONI WA BASRA NA VILUWILUWI

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Muumba wa kila kinachotambaa na kinachoruka. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba wake.

Wapenzi wanafunzi na wazee wetu, katika toleo hili tunakuleteeni maisha ya Abu Uthman Amr bin Bahr, mashuhuri kwa jina la Al-Jahidh. Hiyo ni lakabu aliyopewa kwa sababu macho yake yalitokeza nje.

Alizaliwa Basra, Iraq, inakisiwa mwaka 160 Hijria (776 Miladia). Imepokewa kuwa babu yake alikuwa mtu mweusi, mchunga ngamia. Kwao kulikuwa na shida, na katika ujana wake aliuza mikate na samaki. Shida haikumzuia kusoma. Alihudhuria darsa misikitini, akasoma lugha kwa Al-Asmai na Abu Ubaida, na husimuliwa kuwa alikodi maduka ya vitabu ili akeshe humo akisoma.

Basra ilikuwa na biashara na mwambao wetu. Katika risala yake ya kutetea heshima ya watu weusi, Al-Jahidh aliwagawa Zanji mafungu mawili: Qanbalu na Lanjuya. Wanahistoria wengi wanaona kuwa Lanjuya ndiyo Unguja yetu hii, na Qanbalu ni Pemba. Kwa hivyo jina la kisiwa chetu limo katika maandishi yake tangu zaidi ya miaka 1,100 iliyopita.

Kitabu chake kikubwa ni Kitabul Hayawan, chenye juzuu 7. Alimtunukia waziri Ibn az-Zayyat, naye akampa dinari 5,000. Humo ameeleza viumbe wanaojivua ngozi. Nyoka hujivua akabaki nyoka, lakini kiwavi hujivua akawa kipepeo, na kiluwiluwi wa majini hujivua akawa mbu. Haya ni kweli, na leo tunazijua hatua zake: yai, kiluwiluwi, bundo, kisha mbu kamili. Kwa joto la Unguja safari hiyo huweza kumalizika kwa wiki moja au mbili.

Hapo hapo alinakili khabari kuwa kiroboto naye hugeuka mbu. Hii si sahihi. Kiroboto ana mabuu yake mwenyewe, nayo hutoka viroboto tu. Lakini Al-Jahidh hakuifanya khabari ile kuwa yake. Alimtaja aliyemsimulia, Thumama, na aliyemsimulia Thumama. Nyinyi mnaosoma Hadithi mnaijua faida ya jambo hili. Khabari ikiwa na sanadi, anayekuja nyuma huweza kuichunguza na kuipima.

Katika itikadi Al-Jahidh alikuwa Muutazila, na maulamaa wa Ahlus-Sunna wamempinga. Hilo hatumfuati. Tunachochukua kwake ni bidii ya kusoma, kuangalia, na uaminifu wa kunukuu.

Mwisho wa umri wake alirudi Basra, akapooza upande mmoja wa mwili. Alifariki mwezi wa Muharram mwaka 255 Hijria, baina ya Disemba 868 na Januari 869, akiwa mzee wa miaka tisini na kitu.

Enyi wanafunzi, ziko aya nyingi zinazotuamrisha kuangalia alivyoumba Allah (S.W.). Baada ya mvua za masika, funueni pipa la maji uani mkiwa na wazee wenu. Mkiwakuta viluwiluwi wakipinda na kunyooka, watazameni vizuri, ulizeni, na yaandikeni mliyoyaona na mliyosimuliwa, kila moja mahali pake. Kisha mwageni maji hayo na kufunika pipa, kwani mbu huleta maradhi, na kumkinga jirani na madhara ni katika dini.

Tunamuomba Allah (S.W.) atuzidishie elimu yenye manufaa, sisi na watoto wetu. Amin.