TOM MBOTELA: MWANA WA FRERE TOWN ALIYEGEUKA JINA LA MTAA

Mtu wa Pwani afikapo Nairobi kwa mara ya kwanza na kuelekea upande wa mashariki ya mji, huona ajabu moja. Majina ya mitaa anayajua. Pangani, Pumwani, Majengo, Ziwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Makadara. Ni kana kwamba mtu amechukua kapu, akatia ndani yake Mombasa, Unguja na Mrima wote, kisha akalimwaga juu ya ule udongo mweusi wa Nairobi unaonata viatuni wakati wa mvua. Shauri Moyo iko Unguja. Pangani iko kusini ya Tanga. Kaloleni ni mji wa Wagiriama, na Majengo na Makadara mtoto wa Mombasa huenda amefumba macho. Majina hayo yalipanda bara pamoja na wapagazi, askari, wapishi, madobi na wanawake waliojenga nyumba za vyumba sita na ukumbi katikati, wakakodisha, wakaswali na wakazikwa huko huko.

Lakini miongoni mwa majina hayo limo moja lisilokuwa la mahali. Ni jina la mtu, na mtu huyo ni wetu, ingawa ni nadra kumsikia akitajwa katika mabaraza ya Pwani. Nataka kusema habari za Tom Mbotela, ambaye mtaa wake uko kando ya barabara ya Jogoo, ile iliyokuwa ikiitwa Doonholm zamani za Mwingereza.

Kwa nini hatumtaji? Nadhani sababu ni mbili, na zote mbili zina uchungu. Ya kwanza ni asili yake, na ya pili ni kifo chake.

Tuanze na asili. Ukivuka kutoka kisiwani Mombasa kwenda Kisauni, utapita mahali paitwapo Kengeleni. Kengele yenyewe ingali ikining'inia kwenye nguzo zake. Hapo ndipo ilipo Frere Town, makao yaliyoanzishwa na Wamisheni wa Kanisa la Kiingereza mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa baharini. Jina lilitokana na Sir Bartle Frere, yule balozi aliyekwenda Unguja mwaka 1873 kumshurutisha Sayyid Barghash atie sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikikamata majahazi, na watu waliotolewa ndani yake, Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, wakateremshwa hapo Kisauni. Wengi walikuwa watoto wasiojua hata njia ya kurudi kwao. Kengele ililizwa ili kuwatahadharisha watu kila ilipohofiwa kwamba wenye kuwanyakua wanakuja.

Wenye kuwanyakua walikuwa nani? Hapa ndipo wazee wetu walipokuwa wakigeuza mazungumzo. Mimi nimesoma chuoni, nimefundishwa tangu utoto kwamba kumwacha mtumwa huru ni katika amali zilizo bora kabisa, na ninajua pia kwamba mjini mwetu wengi waliipenda aya hiyo kwa ulimi kuliko kwa mkono. Watoro walipokimbilia Rabai kwa Wamisheni, mabwana zao walikuja juu, na mambo hayakutulia mpaka Kampuni ya Kiingereza ilipotoa fidia kwa ajili ya watu zaidi ya 1,400, ikawapa hati za uhuru mwanzoni mwa mwaka 1889. Utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria katika Pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907. Wako watu waliozaliwa kabla ya mwaka huo ambao rika langu tuliwahi kuwaona kwa macho.

Ukoo wa Mbotela ni wa hapo Frere Town, na asili yake ni Uyao, upande wa Nyasa. Katika ukoo huo alitoka James Mbotela, aliyeandika kitabu kiitwacho Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa mwaka 1934. Kitabu hicho kimesomwa sana mashuleni, na kimelaumiwa sana pia. Hulaumiwa kwamba kinamsifu Mwingereza kupita kiasi na kumpaka Mwarabu masizi. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini siwezi kumlaumu sana mtu ambaye wazee wake walitolewa ndani ya tumbo la jahazi akiandika kwa kuipendelea ile manowari. Na Kiswahili chake, tukitaka kusema haki, ni kizuri.

Katika nyumba ya mawazo kama hayo ndimo alimotoka Tom. Alikuwa kijana wa Pwani, Mkristo, msomi kwa kipimo cha siku zile, naye akapanda Nairobi kama wengi walivyopanda.

Nairobi aliyoishi ilikuwa imekatwa vipande kama keki. Mzungu alikaa juu vilimani, Mhindi katikati, na Mwafrika akasukumwa mashariki, kwenye bonde la mto na tambarare isiyo miti. Pumwani ilifunguliwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza ili kuwakusanya Waafrika mahali pamoja. Kariokor ilibaki na jina la kikosi cha wapagazi waliochukuliwa kwenda kufa Tanganyika. Pangani ya zamani, kijiji cha Waislamu chenye nyumba za kujengwa na wenyewe, ilibomolewa mnamo mwaka 1939, na watu wake wakahamishiwa katika nyumba za Manispaa huko Shauri Moyo. Kila nilisikiapo jina hilo nawafikiria wenye nyumba waliogeuzwa wapangaji kwa siku moja. Baada ya Vita vya Pili zikaja Ziwani na Kaloleni, kisha Bahati. Watu walikuwa wengi, vyumba vichache, na kitanda kimoja kikilaliwa kwa zamu. Karibu na Shauri Moyo palikuwa na soko lililoitwa Burma, na jina hilo lilikumbusha vita ambavyo vijana wetu wa K.A.R. walikwenda kupigana dhidi ya Wajapani. Walirudi wakakuta kipande kingali shingoni.

Kaloleni ndiyo iliyokuwa na ukumbi, na ukumbi ule ukawa kama bunge la wasiokuwa na bunge. Hapo Aprili 1950 Makhan Singh alisimama mbele ya mkutano wa Waafrika na Wahindi akadai Uhuru wa Afrika ya Mashariki, wakati wengine hata kulinong'ona neno hilo walikuwa wakiogopa. Katika siasa za mitaa hiyo Tom Mbotela alikuwa mtu mkubwa. Alikuwa katika chama cha K.A.U., akapata kuwa makamu wa rais wa chama hicho, Kenyatta akiwa rais, na aliingia pia katika Baraza la Mji kuwasemea Waafrika. Fikiri jambo hilo, msomaji. Mjukuu wa Frere Town, asiyekuwa na kabila la kumtosha hata safu moja ya viti katika mkutano, alisimama karibu kabisa na kiti cha juu cha chama kikubwa cha Waafrika wa Kenya.

Lakini wakati ulikuwa ukigeuka chini ya miguu yake. Mbotela aliamini katika njia ya hoja, barua, maazimio na ujumbe kwa Serikali. Nje ya ukumbi walikuwako vijana wa vyama vya wafanyakazi, kina Fred Kubai na Bildad Kaggia, ambao waliona maazimio yamejaa makabati ya Serikali na ardhi haijarudi hata shamba moja. Machi 1950 Nairobi ilipopewa hati ya kuwa jiji, vyama vya wafanyakazi vikagomea sherehe. Mei mwaka huo Kubai na Makhan Singh wakakamatwa, na mitaa ya mashariki ikalala kwa mgomo zaidi ya wiki nzima. Diwani Muchohi Gikonyo alinusurika na jaribio la kuuawa mwaka huo huo. Juni 1951 tawi la K.A.U. la Nairobi likaingia mikononi mwa Kubai na Kaggia, na wale wa siasa za upole wakawa wageni katika nyumba waliyoijenga.

Viapo vikawa vinapita usiku. Mbotela hakuwa Mkikuyu, na viapo vile havikuwa vyake, wala udongo uliokuwa ukiapiwa haukuwa wa babu zake. Akaipinga Mau Mau waziwazi, bila kunong'ona. Hapo nitasema maoni yangu, na atakaye kunipinga anipinge. Wako waliomwita kibaraka, na neno hilo ni jepesi mno. Mkikuyu wa Kiambu alimjua Mwingereza kuwa ndiye aliyemnyang'anya shamba. Mtoto wa Frere Town alisimuliwa tangu kitandani kwamba Mwingereza ndiye aliyemkata babu yake minyororo. Hawa wawili wakimtazama askari mmoja hawaoni mtu mmoja. Mbotela alidhani kwamba ile sheria iliyomtoa mzee wake jahazini ingeweza, ikibembelezwa vya kutosha, kumtoa na Mwafrika mwenzake katika kipande. Alikosea kuhusu Serikali ile, kwani masetla hawakuwa na nia ya kubembelezwa. Lakini kukosea huko hakukuwa kuuza watu.

Oktoba 1952 mambo yakafika ukingoni. Chifu Waruhiu alipigwa risasi mwanzoni mwa mwezi, na tarehe 20 Gavana Baring akatangaza hali ya hatari. Kenyatta na wenzake wakakamatwa usiku huo. Mtu mwenye busara ya kujipenda angepanda gari la moshi akarudi Kisauni kuvuta upepo wa bahari mpaka kulipe. Mbotela hakurudi. Mwishoni mwa Novemba mwaka huo, usiku, aliviziwa akauawa katika mitaa ile ile, na maiti yake ikakutwa karibu na soko la Burma. Baada ya mauaji hayo soko likateketea kwa moto, na hasara ikawaangukia wauza mboga na mafundi wa viraka ambao hapana aliyewauliza kama walimpenda marehemu au hawakumpenda.

Mwaka uliofuata, Novemba 1953, diwani Ambrose Ofafa, Mluo, naye akapigwa risasi, akafa. Aprili 1954 jeshi likauzingira mji wote katika operesheni iliyoitwa Anvil, nyumba kwa nyumba, na zaidi ya watu 20,000 wakapelekwa vizuizini, wengi wao Wakikuyu wasiokuwa na kesi. Kwa hivyo damu ya mitaa ya mashariki haikumwagwa na upande mmoja.

Serikali ilipojenga nyumba mpya upande huo katika miaka hiyo ya 1950, ikatafuta majina. Safu moja ikaitwa Ofafa, na ndiyo leo Ofafa Jericho, Ofafa Maringo na Ofafa Kunguni. Nyingine ikaitwa Mbotela. Ilikuwa heshima, na ilikuwa siasa pia. Mkoloni alikuwa akiwaambia Waafrika ni maiti ipi ilistahili kukumbukwa.

Lakini majina yana ujanja wake. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 wengi wangetazamia jina la Mbotela lifutwe, kama yalivyofutwa majina mengi ya barabara. Halikufutwa. Upande huo huo wa mji upo mtaa uitwao Kimathi, kwa jina la Dedan Kimathi aliyenyongwa na Mwingereza Februari 1957. Upo na mtaa uitwao Uhuru. Basi mtoto anayekulia upande huo aweza kumtembelea shangazi yake Mbotela, akacheza mpira Kimathi na kurudi nyumbani Uhuru kabla ya magharibi, asijue kwamba amekatiza vita nzima kwa miguu. Niliwahi kuwauliza vijana waliokuwa wamekaa barazani hapo Mbotela kwamba jina la mtaa wao ni la nani. Mmoja alidhani ni la yule mtangazaji mashuhuri wa redio, Leonard Mambo Mbotela. Si kosa kubwa, kwani naye ni mtoto wa Frere Town wa ukoo huo huo, na sauti yake iliifundisha nchi nzima Kiswahili kwa miaka mingi kabla ya kufariki kwake mwaka 2025. Lakini mtaa ulikuwa na jina hilo zamani, yeye akiwa bado kijana.

Nyumba zenyewe zimezeeka. Zilijengwa kwa ajili ya makarani na mafundi wenye watoto wawili, na leo zimezungukwa na vibanda vya mabati vilivyoongezwa ubavuni, maduka, gereji na makanisa madogo. Miti iliyopandwa miaka ile imekuwa mikubwa, na kivuli chake ni kizuri kuliko vyote nilivyoviona upande huo. Kuna mipango sasa ya kuibomoa mitaa ya zamani ya mashariki na kuinua maghorofa mahali pake. Pangani imekwisha kuonja, kwa mara ya pili katika maisha yake, na majengo marefu yamesimama pale palipokuwa na nyumba za baraza la jiji. Wapangaji wazee wa mitaa mingine wanahesabu miezi, kila mmoja na karatasi zake mkononi, wakiuliza watapewa nini na watakwenda wapi.