Kakungulu, Mganda aliyeacha 'gombolola' Tororo

Mfanyabiashara anayevuka Busia kutoka Kenya na kuulizia ofisi ya serikali katika vijiji vya Tororo ataelekezwa gombolola. Nyuma yake ameacha chifu na lokesheni. Aliyechangia sana tofauti hiyo ni Semei Kakungulu.

Alizaliwa karibu mwaka 1869 na kupanda cheo Buganda katika vita vya dini, akiwa upande wa Waprotestanti. Mwaka 1899 alikuwa miongoni mwa waliowakamata wafalme Kabalega na Mwanga. Kisha akaingia na jeshi lake mashariki ya Ziwa Kyoga, akajenga ngome Budaka na kuigawa nchi kwa mtindo wa Buganda: saza, ndani yake gombolola, ndani yake muluka. Baraza likaitwa lukiiko, neno linalotokana na kukiika, yaani kuhudhuria kwa mkubwa. Kanisa na shule navyo vikafuata Kiganda, hivyo Mjopadhola, Mteso au Msamia mwenye kesi alilazimika kujitetea kwa lugha ya mgeni.

Hata majina hayakusalimika. Wajopadhola waliitwa Wabadama, na eneo zima Bukedi, jina ambalo Waganda walilitumia kwa maana ya nchi ya watu walio uchi. Dharau hiyo leo imo katika jina la dayosisi na la chama cha ushirika, na wengi hulitamka bila kukumbuka chanzo chake. (Bodaboda, neno lililozaliwa Busia kwa waendesha baiskeli waliobeba abiria kati ya vituo viwili vya mpaka, halikuhitaji jeshi kuenea.)

Aprili 1, 1902, Waingereza waliihamishia Kenya ya leo iliyokuwa Jimbo la Mashariki la Uganda. Maneno ya Kakungulu yakakomea mpakani.

Mwenyewe aliamini kwamba Sir Harry Johnston alimwahidi ufalme wa Bukedi. Hakuupata. Kuanzia 1906 hadi 1913 aliwekwa Busoga kuongoza lukiiko, kisha akarudi Mbale na uchungu wake. Alijiunga na Wamalaki, waliokataa dawa za hospitali, na mwaka 1919 akatahiriwa na kushika dini ya Kiyahudi. Waumini wake, Abayudaya, wangali karibu na Mbale. Alifariki Novemba 1928 na kuzikwa Gangama, akiwa na mashamba lakini bila taji.