Maisha ya Profesa Justinian Rweyemamu, Bingwa wa Uchumi

Mara nyingi katika kurasa kama hizi husimuliwa habari za wafalme, majemadari na wasafiri. Mimi nimechagua mtu ambaye silaha zake zilikuwa hesabu na kalamu. Naye ni marehemu Profesa Justinian Rweyemamu, mmoja wa Watanzania wa kwanza kupata sifa kubwa katika elimu ya uchumi. Nitasimulia maisha yake kwa ufupi, kisha nipime kazi yake imefika wapi.

Alizaliwa mwaka 1942 katika nchi ya Bukoba, magharibi ya Ziwa Viktoria. Alisoma kwa bidii hata akafika Marekani, akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard. Aliporudi nyumbani alifundisha uchumi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1973 kikatoka kitabu chake kikubwa juu ya viwanda vya Tanzania. Katika miaka ile ya 1970 alikuwa msaidizi wa Rais Nyerere katika mambo ya uchumi. Baadaye alitumika katika ofisi ya Tume ya Brandt, iliyochunguza uhusiano wa nchi tajiri na nchi maskini na kutoa taarifa yake mwaka 1980. Alifariki mwaka 1982, kabla hajatimiza miaka 40.

Fundisho lake ni hili. Nchi yaweza kuwa na viwanda na bado isiendelee, ikiwa viwanda hivyo havikushikamana na mashamba yake wala vyenyewe kwa vyenyewe. Kiwanda kinachonunua ng'ambo mashine, vipuri na malighafi ni kama mti uliopandwa chunguni: majani unayo, lakini mizizi yake haigusi ardhi. Yeye alitaka nchi itengeneze chuma na zana zake, ili mkulima apate jembe bora, kiwanda kipate mazao, na kazi ya mtu ya siku moja izae zaidi kuliko ilivyozaa jana.

Je, kazi hiyo tuipimeje? Kipimo cha kwanza ni mipango ya serikali. Mpango wa Tatu wa Maendeleo, ulioanza mwaka 1976, ulitilia nguvu viwanda vya msingi. Rweyemamu hakuwa peke yake katika mawazo hayo, lakini alikuwa katika safu ya mbele.

Kipimo cha pili ni kigumu zaidi, nacho ni yale yaliyojengwa yakadumu. Bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera vikatokea mwaka 1978, na fedha za kigeni zikaadimika. Viwanda vikubwa vyahitaji fedha nyingi kabla havijazaa, kwa hiyo mengi yalikwama. Hapana budi kusema kweli: katika kipimo hiki alama zake ni chache.

Lakini kiko kipimo cha tatu, nacho kiko hapa kwetu Mtwara. Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna korosho tani 145,000 hivi. Vikajengwa viwanda zaidi ya 10 vya kubangua, kwa mashine za Kitaliani na Kijapani. Kufika msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka mpaka tani 17,000 hivi, kwa sababu ya bei ndogo, ugonjwa wa mikorosho, na wakulima kuhamishiwa vijijini mbali na mashamba yao. Viwanda vikalala. Huo ndio mti wa chunguni ambao Profesa alituonya juu yake.

Baba yangu ni mkulima wa korosho, na sabuni, madaftari na nauli yangu hutoka katika gunia lake. Hata leo sehemu kubwa ya korosho zetu hupakiwa melini ghafi, nasi wa Shangani twaziona meli hizo zikitoka. Tena mwaka ule ule aliofariki Rweyemamu iligunduliwa gesi Mnazi Bay, karibu na mlango wa Ruvuma. Gesi hiyo yatoa umeme. Bali angekuwa hai, naamini angeuliza kama yamsaidia mbanguaji wa korosho pia. Swali hilo halijafa, na mtu ambaye swali lake lingali hai miaka 40 na zaidi baada ya kuzikwa, kazi yake imefika mbali.

Wazazi wengi hututaka tuwe waganga au wahandisi, na ni kazi njema. Mimi nikijaliwa kufaulu mtihani wa kidato cha nne, nataka kusoma uchumi. Nanyi wenzangu mtakaokwenda likizo, hesabuni kilo katika kila mkorosho, siku za kazi, na bei aliyopata mzazi. Utafiti huanzia hapo.