Mama Albertina Sisulu, Muuguzi

Nchi yetu ilipojitawala tarehe 9 Desemba, 1961, Waingereza wengi waliokuwa wakifanya kazi ya uuguzi katika hospitali zetu walifungasha mizigo wakarudi kwao. Bendera mpya ilikuwa imekwisha pandishwa, lakini wagonjwa walikuwa wangali vitandani, na mgonjwa haponi kwa bendera. Ombi likapelekwa kwa ndugu zetu wa chama cha ANC cha Afrika ya Kusini, ambako wanawake wengi wa Kiafrika walikuwa wamehitimu kazi hiyo. Ombi likaitikiwa. Wauguzi wakaanza kutoroshwa kwa siri, wakivuka mpaka na kuingia Bechuanaland, nchi iitwayo sasa Botswana, na kutoka huko wakaletwa Tanganyika. Kundi linalotajwa zaidi ni lile la wauguzi 20.

Aliyebeba kazi ya kuwatafuta na kuwaandikisha wauguzi hao alikuwa Mama Albertina Sisulu, naye mwenyewe muuguzi na mkunga wa mjini Johannesburg. Kumbuka, ndugu msomaji, kwamba ANC ilikuwa imepigwa marufuku tangu mwaka 1960, na mtu aliyekamatwa akiifanyia kazi alikuwa anajitafutia jela. Mama huyu alikuwa na watoto watano nyumbani. Wagonjwa wetu hawakumjua kwa jina wala kwa sura, lakini tuna deni kwake, na ndiyo maana twaandika habari zake leo.

Alizaliwa tarehe 21 Oktoba, 1918, katika kijiji cha Camama, wilaya ya Tsomo, huko Transkei, akapewa jina la Nontsikelelo. Jina la Albertina alilipata alipoanza shule ya misheni. Baba yake alikuwa mmoja wa maelfu ya wanaume waliokwenda kuchimba migodi ya Wazungu. Akarudi na kifua kibovu, akafa binti yake akiwa na umri wa miaka 11 tu. Mama yake alikuwa mtu wa kuuguaugua. Basi mtoto huyu alianza uuguzi kabla ya kujua kwamba uuguzi ni kazi ya mshahara: alimtunza mama yake na wadogo zake, hata akapoteza miaka miwili ya masomo. Miaka hiyo miwili ilitaka kumponza. Alishinda mashindano ya kupata msaada wa karo, kisha akanyimwa kwa sababu umri wake ulikuwa umezidi. Walimu wake hawakukubali. Wakapiga kelele gazetini, na mapadre wa Kikatoliki wakampatia nafasi katika shule ya Mariazell, Matatiele.

Alitaka kuwa mtawa. Padre mmoja akamwonya kwamba mtawa hapati mshahara, na yeye alikuwa na wadogo wa kusomesha. Hivyo Januari 1940 akaingia hospitali ya Johannesburg, upande wa watu wasio Wazungu, kujifunza uuguzi. Huko ndiko alikoanza kuujua ubaguzi kwa macho yake. Ilitokea ajali kubwa, majeruhi wa Kiafrika wakaletwa kwa wingi hadi wadi zikafurika. Upande wa Wazungu nafasi ilikuwapo. Wauguzi walisihi wakubwa wafungue milango, wakubwa wakakataa, na watu wenye mifupa iliyovunjika wakalazwa sakafuni. Mwaka 1941 mama yake mwenyewe alipofariki, hakuruhusiwa kwenda kumzika.

Mwaka huo huo alikutana na Walter Sisulu. Waliarusi tarehe 15 Julai, 1944, na msimamizi wa bwana arusi alikuwa kijana aitwaye Nelson Mandela.

Hapa tunataka kusema jambo ambalo twaona halisemwi vya kutosha. Kwa miaka mingi waandishi wamekuwa wakimtaja Mama Sisulu kama mke wa mpigania uhuru. Sisi twaona maneno hayo yamegeuzwa kichwa chini. Bwana Sisulu alipochaguliwa Katibu Mkuu wa ANC mwezi Desemba 1949, aliacha shughuli nyingine zote. Posho aliyoahidiwa ilikuwa ndogo, na mara nyingi haikuonekana. Basi nani alilipa kodi ya nyumba ndogo ya Orlando? Nani alinunua unga na sukari, katika nyumba ambayo wageni wa Chama hawakukatika usiku na mchana? Ni mshahara wa muuguzi. Zaidi ya watoto watano aliowazaa, alilea pia watoto wa ndugu za mumewe. Alipofuzu ukunga mwaka 1954, aliajiriwa na idara ya afya ya jiji, akawa akitembea kwa miguu toka nyumba hata nyumba na sanduku lake la vifaa, akiwazalisha wanawake majumbani mwao. Chama kina viongozi wanaohutubia, nacho hakina budi kuwa pia na watu wanaoamka alfajiri kwenda kazini ili wale wa kwanza waweze kuhutubia. Orodha za mashujaa huandikwa kwa majina ya wale wa kwanza.

Wala asidhani mtu kwamba yeye alikaa jikoni. Tarehe 9 Agosti, 1956, alikuwa miongoni mwa wanawake wapatao 20,000 walioandamana hadi Pretoria kupinga vipande. Mwaka 1958 akafungwa majuma matatu kwa ajili ya vipande hivyo hivyo. Mwaka 1963, mumewe akiwa mafichoni, polisi wa makaburu walimkamata kwa sheria mpya iliyowaruhusu kumweka mtu siku 90 bila mashtaka. Alikuwa mwanamke wa kwanza kukamatwa kwa sheria hiyo. Wakamfungia peke yake kwa karibu miezi miwili, wakimletea habari za uongo juu ya watoto wake ili avunjike moyo. Mwanawe Max, kijana wa miaka 17, naye alikamatwa. Mama hakusema alikokuwa mumewe.

Tarehe 12 Juni, 1964, Walter Sisulu alihukumiwa kifungo cha maisha pamoja na Mandela na wenzao. Toka hapo Mama Albertina aliishi karibu miaka 18 chini ya amri za marufuku, mingi kati ya hiyo akizuiwa asitoke nyumbani usiku. Mchana aliruhusiwa kwenda kazini, naye alikwenda. Baada ya kazi alishona nguo na kufuma sweta za kuuza, akasomesha watoto katika shule za Swaziland ili wasiile elimu duni waliyotengewa Waafrika. Wengine kati yao baadaye walifungwa, wengine wakakimbilia uhamishoni, na wajukuu wakalelewa na yeye.

Mwaka 1983 alistaafu kazi ya jiji, na mwaka huo huo, akiwa mahabusu, akachaguliwa kuwa mmoja wa marais watatu wa umoja wa UDF. Lakini uuguzi hakuuacha. Alifanya kazi katika zahanati ya Dokta Abu Baker Asvat huko Soweto. Wanachama wetu wasilipite jambo hili upesi: Dokta Asvat alikuwa kiongozi katika chama cha AZAPO, na vyama hivyo viwili vilikuwa na uhasama uliofikia kumwaga damu. Wao wawili walitibu wagonjwa wale wale, chini ya dari moja, mpaka tarehe 27 Januari, 1989, daktari huyo alipopigwa risasi mle mle zahanatini, Mama Sisulu akiwamo ndani.

Mumewe alitolewa gerezani Oktoba mwaka huo, baada ya miaka 26. Mwaka 1994 Mama Albertina, akiwa Mbunge, ndiye aliyesimama Bungeni kumpendekeza Mandela awe Rais. Walter alifariki Mei 2003. Yeye alimfuata tarehe 2 Juni, 2011, kwa umri wa miaka 92. Alikuwa ameketi nyumbani, akitazama televisheni pamoja na wajukuu zake. Aliagwa katika uwanja wa michezo wa Orlando, kisha akazikwa kando ya mumewe.