Padri Placide Tempels na Lugha ya Watu wa Musonoi

Padri Placide Tempels alizaliwa tarehe 18 Februari 1906 katika mji mdogo wa Berlaar, nchi ya Ubelgiji, upande wa Waflandri. Wazazi wake walimpa jina la Frans. Katika nchi ile wakati ule Kifaransa ndicho kilichokuwa lugha ya wakubwa, na Kiflandri, lugha ya wakulima na mafundi, kilidharauliwa mara nyingi hata na wenyewe waliokinena. Kanisani Misa ilisomwa kwa Kilatini. Basi mtoto wa Berlaar alijua tangu utoto kwamba kuna lugha ya nyumbani, kuna lugha ya wakubwa, na kuna lugha ya altare.

Mwaka 1924 aliingia katika shirika la Mtakatifu Fransisko, ndipo alipopewa jina la Placide. Alipadrishwa mwaka 1930, na mwaka 1933 akavuka bahari kuja Kongo. Alitumwa Katanga, akakaa miaka mingi kati ya Waluba, akipita kijiji kwa kijiji.

Miaka ile ya kwanza alikuwa bwana. Yeye mwenyewe alikiri hivyo baadaye, wala hakujificha. Alikuja na mafundisho yaliyokwisha kupangwa, akafundisha, akaamuru, akakemea, naye akangoja kutiiwa. Watu walimtii. Walijifunza katekisimu kwa maswali na majibu, wakajibu pasipo kukosea neno hata moja. Lakini mtoto alipougua usiku, wengi wa wale waliojibu vema walikwenda kwa mganga, na asubuhi hawakumwambia padri. Kwanza aliwalaumu wao. Ilimchukua miaka kadhaa kujilaumu mwenyewe.

Hapa yafaa kukumbuka jambo ambalo watu wa leo hulisahau. Si kweli kwamba kabla ya Mtaguso wa Vatikano wa Pili kila neno la dini lilikuwa la Kilatini. Misa ndiyo iliyokuwa ya Kilatini, na padri aliisoma akiwapa watu mgongo. Lakini sala za asubuhi na jioni, nyimbo nyingi, maungamo na mafundisho yote vilikuwa kwa lugha za wenyeji tangu zamani, na makatekista walifanya kazi kubwa katika hayo. Kwa hiyo Padri Tempels hakukosa tafsiri. Alikuwa nayo mkononi, naye alisema Kiluba kwa ufasaha. Hata hivyo maneno yalipita juu ya vichwa vya watu kama mvua ya upepo isiyolowanisha shamba.

Ndipo akabadili desturi yake. Aliacha kufundisha kwanza, akaanza kuuliza. Aliwauliza watu wao ni nani, wanatamani nini maishani, wanaogopa nini. Akakusanya methali zao na majina yao, akasikiliza namna wanavyosalimiana na namna wanavyoomboleza. Katika majibu yao aliona mambo matatu yakirudi siku zote: kuwa na uzima ulio kamili, kuzaa, na kuunganika na wengine kwa mapendo. Katika mambo hayo aliitambua Injili aliyokuja nayo, nao walikuwa wakiisema pasipo kuifunza kwake.

Mwaka 1945 kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilitolewa kwa Kifaransa huko Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Kilisomwa mbali, Paris na kwingineko. Wengine walikisifu. Wengine, kama Aimé Césaire, walikishutumu kwamba kinawasifu watu kwa mawazo yao huku wakiachwa katika unyonge wa ukoloni. Shutuma hiyo ina uzito, ijapokuwa mwandishi wa kitabu alikuwa amekwisha kuandika pia magazetini juu ya haki za Waafrika. Askofu Jean-Félix de Hemptinne wa Katanga hakukipenda kabisa, naye aliomba Roma ikikataze. Padri Tempels alikwenda Ubelgiji mwaka 1946, na hakurudi Kongo hata mwaka 1949.

Baada ya kukaa Kamina alitumwa Kolwezi mwaka 1953, katika kambi za wafanyakazi wa Union Minière, upande wa Ruwe na Musonoi. Huko mambo yalikuwa mengine. Nchi ni ya Wasanga na Walunda, lakini machimbo yaliwaita watu wa kila namna: Waluba wa Katanga na wa Kasai, Wasongye, Wabemba na wengineo. Mume akishuka shimoni, akirudi jioni na mavumbi ya shaba, jirani yake ukutani si wa kabila lake. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili cha kambini, ambacho wasomi walikicheka kwamba hakina sarufi. Watu wa Kingamyambo na Musonoi walinunua kwacho unga, waligombana kwacho, walibembeleza watoto kwacho.

Padri Tempels alikichukua Kiswahili kile kile. Hakutafuta maneno makubwa. Neno kama neema lazima lifafanuliwe, na sakramenti halina mzazi katika lugha yetu. Lakini neno uzima halihitaji mwalimu. Kila asubuhi jirani humwuliza jirani kama yu mzima. Mtu aliyekomaa huitwa mtu mzima. Chungu kisichopasuka ni chungu kizima. Afya, ukomavu na ukamilifu vimo ndani ya neno moja. Akisikia kwamba Yezu Kristu amekuja kuwapa watu uzima, mchimbaji wa Musonoi alijua kinachosemwa kabla padri hajamaliza. Vivyo hivyo uzazi: padri asiye na mke aliweza kusema kwamba yeye naye huzaa watoto kwa roho, tena kwamba Wakristu wake wamemzaa yeye. Neno la tatu, mapendo, lilianza nyumbani, kati ya mume na mke.

Hivyo ilizaliwa Jamaa. Jina lenyewe ni la nyumbani. Waliokuja walikuwa mume pamoja na mkewe, wakaitana baba na mama, na padri naye akawa baba kati yao, ameketi kama wao. Jioni walikutana wakatoa mafundisho kwa zamu, na wanawake walisema mbele ya wanaume. Jambo hili la mwisho lilistaajabisha watu kuliko kitabu chote. Mume na mke walisemezana juu ya Mungu kwa maneno yale yale waliyotumia juu ya chakula na watoto.

Wakati huo huo ndugu yake wa shirika, Padri Guido Haazen, aliimbisha watoto wa shule na walimu huko Kamina, na mwaka 1958 ikasikika Missa Luba. Ngoma zilikuwa za Kiluba na sauti za Kiluba, lakini maneno yalibaki ya Kilatini. Huko Kolwezi ilikuwa kinyume: Misa haikuguswa, ila maneno ya watu yalikuwa yamekwisha kuingia ndani ya dini yao.

Jamaa ilienea hata Kasai, na pamoja nayo mashaka. Wengine waliona kwamba mambo yanasemwa kwa siri. Tena ni kweli kwamba vikundi vingine vilipotoka, na maneno ya mapendo yakafasiriwa vibaya. Lugha ya nyumbani ina hatari hiyo: kila mtu hudhani ameielewa. Mwaka 1962 Padri Tempels alirudi Ubelgiji akiwa mgonjwa. Roma ilimchunguza; yeye alinyamaza akatii. Mwaka 1973 maaskofu wa Zaire walitoa maagizo makali juu ya Jamaa.

Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso ulitoa hati ya Liturujia, na lugha za watu zikafunguliwa mlango wa Misa. Mwaka 1988 Roma ilithibitisha Misale ya majimbo ya Zaire. Padri Tempels hakuiona. Alifariki Hasselt tarehe 9 Oktoba 1977, katika nyumba ya shirika lake. Hakurudi Kolwezi tena, na Misa zote alizowasomea watu wa Musonoi zilikuwa za Kilatini.